Hivi wachezaji wa timu moja ni lazima wapendane? Picha za mitandaoni na ukweli wa vyumbani

#1 Winga Teleza

Wakuu, habari za jioni.

Kila wiki tunaona yaleyale. Fulani kamrukia fulani mgongoni baada ya bao, kesho yake picha wapo pamoja wanacheka, chini kumeandikwa "ndugu yangu". Miaka kumi inapita, mmoja anastaafu, anafungua mdomo: kumbe hata salamu walikuwa hawapeani.

Dai langu: urafiki wa wachezaji wenza ni bidhaa inayouzwa pamoja na jezi, na hauna uzito kwenye matokeo. Mfano wangu ni Andy Cole na Teddy Sheringham wa Manchester United. Kuanzia 1997 hadi 2001 walikuwa timu moja bila kusemezana, na 1999 wakabeba makombe matatu, wakicheza pamoja mbele kwenye ile fainali ya Barcelona waliyopindua meza dhidi ya Bayern Munich dakika za nyongeza. Ikiwa timu inachukua Ulaya huku washambuliaji wamenuniana, huu "umoja wa vyumbani" tunaoimbiwa kila siku unafanya kazi gani?

Anayepinga aje na mifano.

#2 Nusu Uwanja

Navuta kiti. Wajuzi njooni.

#3 Mzee wa Benchi

Mleta uzi, mada ni nzuri ila hiyo fainali umeisimulia vibaya, na kosa lenyewe linagusa hoja yako.

Siku ile ya 26 Mei 1999 walioanza mbele ni Cole na Dwight Yorke. Sheringham aliingia dakika ya 67 kumpokea Jesper Blomqvist. Dakika ya 81 Cole akatoka, akaingia Ole Gunnar Solskjaer. Kwa hiyo Cole na Sheringham walikuwa uwanjani pamoja kwa dakika 14 tu, na mabao yote mawili ya United yalikuja Cole akiwa ameshakaa benchi.

Msimu ule pacha wa Cole alikuwa Yorke. Wawili hao walifunga mabao 53 katika mashindano yote, Yorke 29 na Cole 24, na walikuwa marafiki wa kweli hata nje ya uwanja. Ukisema United walishinda na washambuliaji walionuniana, umeruka kwamba kocha alikuwa na wanne (Cole, Yorke, Sheringham, Solskjaer) na aliwapanga wanaoelewana.

Chanzo cha ugomvi pia kiwekwe sawa. Ulianza kabla hawajawa klabu moja. Machi 1995 Cole aliingia kuichezea England kwa mara ya kwanza, dhidi ya Uruguay pale Wembley, akimpokea Sheringham. Kwa maelezo ya Cole mwenyewe, aliyoyaandika gazetini mwaka 2010, alitegemea mkono wa pongezi, na Sheringham akapita kama hakumwona. Msimu wa 1997/98, wakiwa United, wakafungwa bao na Bolton na lawama zikamwangukia Cole. Hapo ndipo mazungumzo yalipokatika kabisa.

#4 Winga Teleza

Mzee wa Benchi, nimekubali hilo la dakika 14, asante. Ila miaka minne wanakaa chumba kimoja bila neno, na ligi tatu mfululizo zinakuja, 1999, 2000 na 2001. Hoja yangu bado inapumua.

#5 Kapu Refu

Inapumua na inakimbia. Hamieni kwenye kikapu mwone mfano mzito kuliko huo.

Shaquille O'Neal na Kobe Bryant, Los Angeles Lakers. Ubingwa 2000, 2001 na 2002. Picha ambayo kila mtu anaikumbuka ni ile ya mchezo wa saba dhidi ya Portland mwaka 2000: Lakers wako nyuma kwa pointi 15 robo ya nne, wanarudi, Kobe anarusha pasi ya juu, Shaq anaibamiza kwenye pete na kukimbia amenyoosha vidole juu. Ukiitazama unasema hawa walizaliwa tumbo moja.

Msimu uliofuata ndio waliogombana waziwazi magazetini, nani awe wa kwanza kupewa mpira. Msimu huohuo walimaliza michezo ya mchujo wakiwa wameshinda 15 na kupoteza 1.

#6 Dada Kocha

Kapu Refu, malizia hadithi. 2004 walifika fainali, tena wakiwa wameongezewa Karl Malone na Gary Payton, wakachapwa 4-1 na Detroit. Julai mwaka huo Shaq akapelekwa Miami. Kobe alisubiri hadi 2009 kupata ubingwa mwingine. Mtu anaweza kusema ugomvi haukuwazuia kushinda mara tatu, na mwingine akasema uliwanyima ya nne na ya tano. Matokeo yaleyale yanabeba hoja zote mbili.

Wanaofundisha timu hawaulizi "wanapendana?" hata kidogo. Kuna vitu viwili tofauti. Kimoja ni mshikamano wa kazi: tunakubaliana tunataka nini, nani afanye nini, nani amfunike nani. Cha pili ni mshikamano wa kijamii: tunakaa pamoja kwa sababu tunafurahiana. Albert Carron na wenzake, Widmeyer na Brawley, walitengeneza dodoso mwaka 1985 lenye maswali 18 yanayotenganisha hayo mawili, na hadi leo ndilo linalotumika sana. Timu inaweza kuwa juu kwa kimoja na chini kabisa kwa kingine. Cole na Sheringham walikuwa na cha kwanza bila cha pili, ndiyo maana mleta uzi anaona muujiza pasipo na muujiza.

#7 Mpiga Kasia

Dada Kocha ameniwahi. Naongeza mfano wa zamani kuliko huo wa Carron.

Hans Lenk alikuwa ndani ya boti ya Ujerumani ya wapiga makasia wanane iliyochukua dhahabu ya Olimpiki Roma 1960. Baadaye akawa msomi, akaandika kuhusu boti za kiwango hicho kwamba ndani yake mlikuwa na makundi na uhasama mkali, na muda ukazidi kuwa bora hata pale uhasama ulipokuwa unakua. Wakati ule imani ya wengi ilikuwa kwamba kundi lililogawanyika lazima lishuke.

Ila msichukue boti mkaipeleka kwenye mpira bila kufikiri. Ndani ya boti wote mnatazama upande mmoja na mnafanya tendo moja kwa mpigo mmoja. Hakuna anayeamua ampe nani mpira. Huwezi kumnyima mwenzako kasia. Chuki haina mlango wa kupitia.

#8 Kiungo Punda

Hiyo ya "chuki haina mlango" ni madini. Kwenye mpira milango imejaa, na unaweza kuiona mchana kweupe.

Lee Bowyer na Kieron Dyer, Newcastle, 2 Aprili 2005, nyumbani dhidi ya Aston Villa. Wanapigwa 3-0, timu yao imeshapungua mmoja baada ya Steven Taylor kutolewa, na hawa wawili wa jezi moja wakaanza kurushiana ngumi katikati ya uwanja. Kisa? Pasi. Bowyer alilalamika kwamba Dyer hampi mpira. Wote kadi nyekundu, Newcastle wakamaliza na wachezaji 8. Bowyer alikatwa mshahara wa wiki sita na klabu.

Sasa tazameni upande wa picha, maana ndio uzi wenyewe. Jioni ileile waliketishwa mbele ya waandishi, kocha Graeme Souness katikati yao, kila mmoja akaomba radhi. Ile meza haikuwa upatanisho, ilikuwa zimamoto. Klabu ilitaka magazeti ya kesho yapate picha nyingine, yasibaki na ngumi peke yake.

#9 Golikipa wa Tatu

Wazee mnazungumzia ya zamani mpaka vumbi linapanda 😂

#10 Kiungo Punda

Golikipa wa Tatu, chukua ya karibu basi. Sadio Mané na Leroy Sané, Bayern, 11 Aprili 2023, baada ya kufungwa 3-0 na Manchester City. Mané alimpiga mwenzake usoni vyumbani. Akafungiwa mchezo mmoja na faini juu. Bayern walichukua ligi siku ya mwisho kwa tofauti ya mabao, na kiangazi hichohicho Mané akaondoka.

#11 Winga Teleza

Kwa hiyo wamepigana na wamechukua ubingwa. Asante kwa kunisaidia 😀

#12 Mama Takwimu

Winga, hapo ndipo unapoteleza kweli. Unahesabu walioshinda tu.

Ugomvi wa timu iliyoshinda unasimuliwa kwa sababu una ladha: "walichukiana lakini wakabeba kombe". Timu ya katikati ya msimamo ambayo kiungo na beki wake hawasemezani haimsisimui mtu, na wakishuka daraja tunasema usajili ulikuwa mbovu. Ukitaka kujua kama ugomvi unaumiza, unahitaji timu zote zenye ugomvi, zikiwemo tusizozisikia. Hatunazo.

Waliojaribu kukusanya tafiti pamoja ni haohao kina Carron, mwaka 2002, tafiti 46. Walipata kwamba mshikamano na matokeo vinakwenda pamoja kwa kiasi cha kueleweka, na kilichowashangaza wengi ni kwamba wa kijamii ulihusiana na matokeo kama ule wa kazi. Uhusiano ulikuwa mkubwa zaidi kwenye timu za wanawake. Kwa hiyo na Dada Kocha asiutupe urafiki haraka hivyo.

Ila lipo swali la yai na kuku. Anayeshinda kila wiki anampenda kila mtu. Unayemwona leo anacheka na mwenzake, mpe mechi sita za vipigo umtazame tena.

#13 Dada Kocha

Mama Takwimu, sikuutupa urafiki, niliutenganisha. Ila hoja ya ushindi kuzaa mapenzi naiunga mkono mia kwa mia.

#14 Baiskeli Tu

Naona hakuna aliyegusa picha kubwa kuliko zote za mada hii.

Tour de France 1986, hatua ya kupanda Alpe d'Huez, 21 Julai. Bernard Hinault na Greg LeMond, timu moja ya La Vie Claire, wanafika juu wamewaacha wote, wameshikana mikono, wanatabasamu, LeMond anamwachia Hinault avuke mstari mbele. Ukurasa wa kwanza kila mahali: mfalme anamkabidhi mrithi.

Ukweli ndio huu. 1985 LeMond alizuiwa na timu yake kushambulia kwenye mlima wa Luz Ardiden wakati Hinault ameumia na amechoka. Hinault akabeba Tour yake ya tano kwa dakika 1 na sekunde 42 mbele ya LeMond, na akaahidi hadharani kwamba mwaka unaofuata atamfanyia kazi kijana. Mwaka ulipofika, siku ya hatua ya Pau, Hinault akashambulia na kumwacha LeMond zaidi ya dakika 4. LeMond aliirudisha milimani na kuvaa jezi ya njano ya anayeongoza. Hapo ndipo ile mikono iliposhikana. Jioni yake tu Hinault akasema kwenye televisheni kwamba mashindano hayajaisha.

LeMond alishinda kwa dakika 3 na sekunde 10. Kama ungetazama picha peke yake, ungesema hakukuwa na vita.

#15 Mzee wa Benchi

Safi. Ila Baiskeli Tu, wapo wanaomtetea Hinault kwamba mashambulizi yake yaliwachosha wapinzani wa LeMond, hasa Urs Zimmermann, na hivyo ndivyo mwenyewe alivyojieleza.

#16 Baiskeli Tu

Najua utetezi huo. Zimmermann alichoka kweli. Lakini aliyeachwa zaidi ya dakika 4 siku ya Pau ni LeMond, mwenye kuahidiwa. Ukimsaidia mtu humwachi nyuma umbali huo ukitegemea atafika.

Kwenye baiskeli tofauti ni hii: timu ni moja, mshindi ni mmoja. Dereva wa langalanga anajua ninachosema.

#17 Kamisaa

Langalanga nimeitwa.

Ayrton Senna na Alain Prost, McLaren, 1988: mbio 16, walishinda 15, Senna 8 na Prost 7. Msimu uliofuata, Imola, walipatana kwamba atakayeanza vizuri asipitwe kwenye kona ya kwanza ya kuvunja mwendo. Mbio zikasimamishwa kwa ajali ya Gerhard Berger, zikaanza upya, Prost akatangulia, Senna akampita kwenye kona hiyo, Tosa. Senna alisema makubaliano yalikuwa ya mwanzo wa kwanza tu. Prost akaona amesalitiwa. Mwaka huohuo Suzuka waligongana na ubingwa ukaenda kwa Prost.

Kwa mtazamo wa timu, ugomvi ule ulikuwa na faida hadi pale magari yalipogusana. Data za gari moja zinasomwa na upande wa pili wa gereji: wapi mwenzako kavunja mwendo, kona gani kakanyaga mafuta mapema. Kila mmoja anamvuta mwingine juu. Lewis Hamilton na Nico Rosberg walikuwa wenza tangu karting (mbio za magari madogo) wakiwa watoto, na bado Hispania 2016 walitoana wote wawili mzunguko wa kwanza. Rosberg alichukua ubingwa mwaka huo, akastaafu siku tano baadaye. Utoto wa pamoja haukuzuia chochote.

#18 Golikipa wa Tatu

Turudi kwenye mpira. Swali langu la kweli: sisi tulio nje tunawezaje kujua? Maana mtu akimuondoa mwenzake mtandaoni, kesho ni habari kubwa.

#19 Afisa Habari Mstaafu

Hilo la mtandaoni ndilo dalili dhaifu kuliko zote. Kurasa za wachezaji wakubwa mara nyingi haziendeshwi na wao. Kuna kampuni au mtu wa wakala, ana kalenda ya siku za kuzaliwa, ana hifadhi ya picha za mechi. Ile "heri ya kuzaliwa kaka yangu" inaweza kupanda mchezaji mwenyewe amelala. Na kuacha kumfuata mtu kunaweza kuwa ni kampuni mpya inasafisha orodha.

Mahojiano ya dakika mbili baada ya filimbi nayo yapo kwenye mkataba wa haki za matangazo. Afisa habari anachagua nani aende. Njiani anamkumbusha mambo matatu: sifu kundi, usitaje mtu mmoja kwa ubaya, rudi kwenye mechi ijayo. Kukiwa na ugomvi, anachaguliwa mmoja wa wahusika makusudi, ili amtaje mwenzake kwa jina zuri. Ukisikia sifa ambayo haikuulizwa, simama hapo usikilize vizuri.

Baada ya tukio la hadharani mtiririko haubadiliki sana: siku ileile taarifa fupi ya klabu, kesho yake picha za mazoezini ambazo wawili wapo fremu moja, mechi inayofuata kukumbatiana kukitokea nafasi. Hiyo picha ya mazoezini hupatikana kwa kumwambia mpiga picha awasubiri zoezi la kuzunguka mduara, maana pale lazima wasimame karibu.

#20 Nusu Uwanja

Mkuu #19 umetufungulia jikoni. Asante.

#21 Kiungo Punda

Naongeza dalili ambazo naziamini zaidi kuliko mitandao. Tazama kupasha misuli, nani anapigiana pasi na nani wawili wawili. Tazama mmoja akichezewa vibaya, nani anafika wa kwanza kwa mwamuzi. Tazama mmoja akipoteza mpira, mwenzake anarudi mbio au ananyoosha mikono hewani. Hiyo mikono hewani kwangu ni mbaya kuliko matusi.

#22 Mzee wa Benchi

Ya kupasha misuli siikubali. Wanapangwa kwa nafasi, kwa lugha, au kwa bahati tu: wewe umekosa mwenza, mimi nimekosa, tumekwama pamoja. Beki wa kati wawili watapigiana pasi hata kama hawapeani salamu.

Na picha zinadanganya pande zote mbili. Uholanzi, Euro 1996. Picha ya chakula ilionesha wachezaji weusi meza moja, weupe meza nyingine, na ikawa ushahidi wa timu iliyopasuka kwa rangi. Edgar Davids alikuwa ameshamshambulia kocha Guus Hiddink kwa maneno na kurudishwa nyumbani. Lakini waliokuwemo wametoa maelezo tofauti: wapo waliosema ni rangi, wapo waliosema ni tofauti za mishahara zilizotoka klabu ya Ajax, vijana waliokuwa mabingwa wa Ulaya 1995 wakilipwa chini ya wakubwa. Wapo waliosema marafiki walikaa na marafiki, basi. Meza moja, maelezo matatu.

#23 Mama Takwimu

Golikipa wa Tatu, ukitaka kupima pasi kati ya wawili, fanya hivi, na uwe na subira.

Hesabu dakika walizokuwa uwanjani pamoja tu, si mechi nzima. Chukua pasi za A kwenda B, gawa kwa dakika hizo, zidisha kwa 90. Linganisha na kipindi cha kabla ya ugomvi, si na wachezaji wengine, kwa sababu winga wa kulia na wa kushoto hawapigiani pasi nyingi hata wakiwa mapacha. Ukiwa na dakika chini ya 900 za pamoja kila upande, usitangaze kitu, namba zinayumba mno.

Halafu kuna kinachokosewa na wengi: pasi chache si ushahidi wa kunyimana. Huenda B amehamishwa nafasi, beki wa pembeni amebadilika, au timu inaongoza mapema na kukaa nyuma. Kinachohitajika ni kurudia video na kuhesabu nafasi: mara ngapi B alikuwa huru, ndani ya macho ya A, kwenye eneo hatari, na A akachagua kingine. Kazi ya macho hiyo, mechi moja inakula saa tatu.

Chukua Mané na Salah. 31 Agosti 2019, Liverpool wanashinda 3-0 kwa Burnley, Mané anatolewa akiwaka moto benchi kwa sababu Salah hakumpa pasi. Kila mtu akaandika uhasama. Msimu ule walimaliza na pointi 99 na ubingwa. Msimu wa nyuma yake walikuwa wamegawana kiatu cha dhahabu cha mfungaji bora, mabao 22 kila mmoja, pamoja na Pierre-Emerick Aubameyang. Ukiwa na watu wawili wanaowania kiatu kimoja, kunyimwa pasi kunaelezeka bila chuki.

#24 Winga Teleza

Hapo Mama Takwimu ameniingiza kwenye jambo jipya: huenda tatizo si mapenzi, ni motisha. Nani analipwa kwa nini.

#25 Kiungo Punda

Ndiyo maana mfano wa Neymar na Edinson Cavani naupenda. PSG na Lyon, 17 Septemba 2017. Kwanza friikiki: Dani Alves anauficha mpira Cavani asiupate, anampa Neymar. Kisha penalti: Neymar anaitaka, Cavani anakataa, anapiga, golikipa Anthony Lopes anaigusa na inagonga mwamba. Walishinda 2-0 na mabao yote mawili walijifunga Lyon wenyewe! Tarehe 30 mwezi huo dhidi ya Bordeaux penalti akapiga Neymar, wakashinda 6-2.

Kosa pale naliweka kwa waliotakiwa kuandika orodha kabla. Mpigaji wa kwanza, wa pili, wa tatu, na friikiki za upande gani ni za nani. Ikibandikwa ukutani kabla ya mechi, hakuna cha kujadili mbele ya kamera. Timu nyingi hufanya hivyo, na pale lilipoachwa wazi, watu wazima waligombea mpira kama watoto.

#26 Dada Kocha

Na wakigombana mazoezini, utaratibu ninaouona unafanya kazi zaidi ni huu. Watenganishe, zoezi liendelee, usisimamishe kikosi kizima wakatazamwa. Siku hiyohiyo ongea na kila mmoja peke yake kabla ya kuwakalisha pamoja, kwa sababu ukianza na pamoja kila mtu anatetea heshima yake. Adhabu ifuate kanuni iliyoandikwa mwanzo wa msimu, sawa kwa nyota na kwa kijana. Kikosi kisikie kutoka kwako kabla ya kusikia nje. Usiwalazimishe kukumbatiana. Wadai mambo ya kazi tu: kufunikana, kuitana kwa sauti uwanjani, kutosema lolote kwa waandishi. Baada ya wiki mbili warudie tena, kwa sababu wiki ya kwanza kila mtu ni malaika.

Kinachoharibu ni video kutoka nje. Draymond Green alimpiga Jordan Poole mazoezini Golden State Warriors Oktoba 2022, miezi michache baada ya ubingwa. Siku mbili baadaye video ikavuja. Kabla ya video kulikuwa na taarifa tu. Baada yake kila mchezaji aliulizwa kila mahali, na kiangazi cha 2023 Poole akahamishiwa Washington. Ngumi zilikuwa zilezile, kilichoongezeka ni watazamaji.

#27 Mpiga Kasia

Dada Kocha, vipi pale kundi zima linapomkataa mmoja? Mnazungumzia wawili wawili tu.

#28 Mzee wa Benchi

Ipo. Ajax, kiangazi cha 1973. Mabingwa wa Ulaya mara tatu mfululizo. Wachezaji wakapiga kura ya siri ya nahodha, wakamchagua Piet Keizer badala ya Johan Cruyff. Cruyff akaenda Barcelona. Ajax wakatolewa na CSKA Sofia raundi ya pili, na kombe hilo hawakuligusa tena hadi 1995. Karatasi ndogo za kura, miaka 22.

#29 Mama Takwimu

Mzee, si kura peke yake. Kocha aliyewapa makombe mawili ya mwisho, Stefan Kovács, naye alikuwa ameondoka, na baadaye wengine wa kizazi kile wakafuata. Usimtwike Keizer miaka 22.

#30 Dada Kocha

Mpiga Kasia, mfano wa kurudi kundini ni Hope Solo. Kombe la Dunia 2007, nusu fainali na Brazil, golikipa wa Marekani aliyedaka mashindano yote akawekwa benchi, akadaka Briana Scurry, wakafungwa 4-0. Solo akasema mbele ya kamera kwamba yeye angeokoa. Kundi likamtenga, hakuwepo hata kwenye mechi ya mshindi wa tatu. Mwaka uliofuata, chini ya kocha mpya Pia Sundhage, alikuwa langoni Beijing wakachukua dhahabu 1-0 dhidi ya Brazil hiyohiyo. Hakuna aliyelazimika kumpenda. Walimhitaji langoni.

#31 Winga Teleza

Ila sasa nageuza swali. Kushikana mikono na kupigana viganja, je? Wapo wanaosema kunasaidia.

#32 Mama Takwimu

Kraus, Huang na Keltner wa Berkeley, 2010. Walihesabu kugusana kwa wachezaji wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mwanzoni mwa msimu wa 2008/09: viganja, kukumbatiana, vifua. Timu zilizogusana zaidi mapema zilicheza vizuri zaidi baadaye, hata baada ya kuondoa mishahara na matarajio ya kabla ya msimu. Ni uhusiano, haujathibitisha sababu.

#33 Kapu Refu

Leander Paes na Mahesh Bhupathi waligonganisha vifua kila pointi. 1999 walifika fainali zote nne kubwa za tenisi ya wawili wawili, wakachukua Ufaransa na Wimbledon. Na walikuja kukosana vibaya hadi uchaguzi wa timu ya India ya Olimpiki ya London 2012 ukawa vita. Vifua vyenyewe viliendelea kugongana kila waliporudiana.

#34 Baiskeli Tu

Na wa kupokezana vijiti? Pale lazima uaminiane, huoni nyuma.

#35 Mpiga Kasia

Pale unaiamini alama, si mtu. Mpokeaji anapima kwa nyayo zake kurudi nyuma, mara nyingi 20 hadi 30, anabandika utepe. Mwenzake akikanyaga utepe, yeye anaondoka kwa kasi yote bila kugeuka. Eneo la kukabidhiana kwenye 4x100 ni mita 30. Akiondoka mapema kwa woga wa kufikiwa, kijiti hakimfikii. Akichelewa, wanagongana. Mnaweza kuchukiana na utepe ukawa palepale.

#36 Kamisaa

Na kuna wale wanaolipwa kumsaidia mwenzao kisha wakakumbuka wao pia ni wanariadha. Marathoni ya Berlin 2003, Sammy Korir alikuwa mweka kasi. Hakutoka njiani. Paul Tergat akamaliza 2:04:55, rekodi ya dunia, Korir 2:04:56.

#37 Golikipa wa Tatu

Sekunde moja?! Huyo Korir ni rafiki au adui?

#38 Kamisaa

Bila yeye kumkimbiza hadi utepe, Tergat asingekimbia muda ule. Jina lake wewe unaliweka wapi?